Idi Mubarak, nikiwakumbuka Wagujjar wa milimani

Assalaam alaykum ndugu, majirani, na jamaa mlio mbali. Idi Mubarak! Mwenyezi Mungu atutakabalie ibada zetu, na mahujaji wetu awarejeshe salama.

Mbuzi wetu yuko uani, kafungwa kwenye mwembe tangu juzi. Binti yangu mdogo ameshampa jina, na kila mara anampelekea maganda ya ndizi. Nimemwambia asimzoee, hasikii. Usiku huu wa kuamkia Idi nimekaa barazani namsikia yule mbuzi akilia, nikawakumbuka Waislamu wenzetu ambao mifugo yao yote ina majina: Van Gujjar, wafugaji wa misituni kaskazini mwa India.

Wao hufuga nyati. Si hawa wakali wa mbugani kwetu, bali wa kufugwa, weusi, wenye maziwa mazito. Joto likianza, mnamo Aprili, familia hufunga virago, bibi na wajukuu, zikaacha vilima vya Shivalik na kupanda kwa miguu hadi malisho ya juu ya Himalaya. Baridi ikikaribia hushuka. Riziki yao ni maziwa. Kwa jadi yao, nyati hachinjwi kwa ajili ya nyama; akifa huzikwa, na wenyewe humlilia. Siku nilipolijua hilo nilinyamaza kitambo. Kuishi na mnyama umri mzima, umnywe maziwa, na usimle!

Nao ni tawi dogo tu la watu wengi mno. Mgujjar utamkuta Punjab ya Pakistan, utamkuta Rajasthan akiwa Mhindu anayemwomba Devnarayan, utamkuta Kashmir, hata milimani Afghanistan. Mwislamu, Mhindu, Kalasinga, wote hujiita Gujjar. Asili yao wanazuoni wanaibishania hadi leo, lakini jina lenyewe ni la kale: msafiri wa Kichina Xuanzang aliitaja nchi ya Gurjara katika karne ya 7. Ndilo lililozaa jina la Gujarat, walikotoka mababu wa Wahindi wengi wa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam. Tumelitamka miaka yote pale dukani bila kujua.

Jina hilo limewaponza pia. Mwaka 1857 Wagujjar wa pande za Meerut na Delhi walisimama dhidi ya Waingereza. Kisha ikaja sheria ya 1871 ya kuyaandikisha makabila mazima kuwa ya wahalifu, na Wagujjar wa baadhi ya sehemu wakatiwa humo. Mtoto mchanga, hata kutambaa bado, tayari ana hatia ya ukoo wake. Hilo linaniuma kila nikilifikiria. Na enzi zetu hizi Van Gujjar wameambiwa wahame misitu waliyolelewa, kwa kuwa imefanywa hifadhi. Nawaombea njia yao ya kupanda isizibwe.

Kesho baada ya sala nitamlaza mbuzi wetu kuelekea kibla, kisu nikiwa nimekinoa mbali na macho yake. Binti yangu nitamwacha kwanza amuage kwa jina lake. Mafungu ya majirani yataletwa kabla ya adhuhuri, na pilau liko kwetu, mlango wazi. Njooni na watoto.

Kullu aam wa antum bikheir.