Picha za vyuoni zinaacha nje sehemu kubwa ya maisha yetu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu picha ambazo sisi wanafunzi wa vyuo vikuu tunazisambaza kupitia Instagram, TikTok na makundi ya WhatsApp. Mjadala wa jambo hili aghalabu huishia kwenye mavazi ya wasichana. Mimi naona uzito zaidi uko katika yale ambayo hatuyapigi picha kabisa.

Muhula uliopita mhadhiri wetu alimtaka kila mmoja apitie picha alizoweka mtandaoni tangu ajiunge na chuo, kisha tujadili pamoja ni nini ambacho mtu asiyetufahamu angekielewa kuhusu maisha yetu. Zilijaa picha za mahafali, za sherehe za kuwakaribisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na za migahawa ambayo wengi wetu huingia boom, yaani fedha za mkopo za kujikimu, linapotoka tu. Haikuwapo picha ya foleni ya kusaini fedha hizo, wala ya mama lishe anayetukopesha wali na maharage zinapochelewa. Kubebana, ambako wanafunzi wawili hulala kitanda kimoja kwa sababu mmoja amekosa nafasi bwenini, hakukuonekana popote, ingawa darasani walikuwamo waliobeba na waliobebwa.

Ukumbi wa Nkrumah wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambao sura yake ilichapishwa nyuma ya noti ya shilingi 500, unastahili kupigwa picha na kila mhitimu aliyevaa joho, na sina ugomvi na hilo. Lakini katika chuo hicho hicho yalifunguliwa mwaka 2017 mabweni yenye nafasi za wanafunzi 3,840, kwa sababu uhaba wa malazi ulikuwa mkubwa. Uhaba huo tunausikia zaidi katika masimulizi ya kaka na dada zetu kuliko kuuona katika picha walizojipiga wenyewe, na hasara hiyo ni yetu sote, kwa maana atakayetaka kuandika historia ya maisha ya wanafunzi wa miaka hii atakuta tabasamu nyingi na ushahidi mchache.

Anayeumia mapema zaidi ni kijana anayetoka kidato cha 6, ambaye amekijua chuo kupitia simu. Akifika na kukuta maisha ni magumu, hudhani ni yeye peke yake aliyeshindwa, na wapo wanaokopa fedha za nguo ili nao wafanane na picha walizoziona.

Hata hivyo, sisemi tugeukie kupiga picha dhiki za wenzetu. Tayari zipo kurasa zinazosambaza picha za wanafunzi waliosinzia katika kumbi za mihadhara, zikiwa na maneno ya dhihaka, na mwenye sura hiyo huwa wa mwisho kujua. Huo ni ukatili. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na bado ni wanafunzi wachache mno niliowasikia wakiitaja wanapozungumzia picha ya mtu aliyepigwa bila kuridhia.

Naviomba vyuo viingize usomaji wa picha katika masomo ya stadi za mawasiliano, ili mwanafunzi ajifunze kuuliza ni nani aliyepiga, kwa ajili ya nani, na nini kimeachwa nje ya fremu. Naziomba pia maktaba za vyuo zipokee picha za maisha ya kawaida kutoka kwa wanafunzi wenyewe, kila moja ikiwa na tarehe, mahali, maelezo mafupi na ridhaa ya waliomo. Kazi hiyo inaweza kuanza na wanaohitimu mwaka huu, kabla hawajaondoka na simu zao.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu,
Dar es Salaam