Uzamili wa jioni hukwama kwenye tasnifu, si darasani

Ndugu Mhariri,

Msimu wa udahili ukifika, kurasa za gazeti lako hujaa matangazo ya shahada za uzamili kwa watu walio kazini, na siku hizi ukuzaji wa afya haukosi humo. Matangazo hutaja ada, muda, na kwamba vipindi ni vya jioni au wikiendi. Hayataji kinachowaangusha wengi: wanafaulu mitihani ya darasani, kisha wanakaa na tasnifu isiyokwisha. Sisi tunaofundisha na kusimamia wanafunzi wa fani hii tunaomba nafasi tueleze ambayo mtumishi angepaswa kuyajua kabla ya kulipa hata ada ya maombi.

Tuanze na saa. Kwa mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), shahada ya uzamili haipungui krediti 180, na krediti 1 ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Jumla ni saa 1,800. Zigawe kwa wiki 90 za masomo ndani ya miaka miwili, utapata saa 20 kila wiki. Vipindi vya jioni nne, saa tatu kila jioni, vinakula 12. Nane zinazobaki ni za kusoma, kuandika na kuonana na msimamizi, na hizo ndizo watu husahau kuzitengea nafasi. Anayetoka kazini Mbagala kwenda darasani Upanga aongeze na foleni. Muuguzi mwenye zamu za usiku aombe ratiba ya zamu za muhula mzima kwa maandishi kabla ya kujisajili, maana makubaliano ya mdomo huondoka na mkuu wa wodi siku anapohamishwa.

Kuhusu kinachosomwa: mwenye picha ya mabango na vipeperushi aifute. Mkataba wa Ottawa wa ukuzaji wa afya wa mwaka 1986, ambao bado ndio msingi wa fani hii, ulitaja maeneo matano ya kazi: sera za umma zinazolinda afya, mazingira yanayomwezesha mtu kuishi vizuri, nguvu ya jamii kujiamulia mambo yake, stadi za mtu binafsi, na huduma za afya zisizoishia kwenye tiba. Kumwelimisha mtu mmoja mmoja ni eneo moja tu kati ya hayo. Mkutano wa saba wa dunia wa ukuzaji wa afya, uliofanyika Nairobi mwaka 2009, ulihusu hasa pengo kati ya yanayojulikana na yanayotekelezwa. Nasi hatukuhitaji kusubiri mikutano hiyo: kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia watu wapatao milioni 2 kwa sababu vikundi havikuishia kusikiliza redio. Vilijadili walichosikia, wakakubaliana la kufanya, wakaenda kuchimba vyoo.

Mtaala mzuri humfundisha mtu kuchambua tatizo kabla ya kulichagulia dawa. Chukua watoto wa shule ya msingi wanaotoka chooni bila kunawa. Mchanganuo wa Lawrence Green, ambao umeenea katika kozi za fani hii, hupanga sababu katika mafungu matatu: zinazomwelekeza mtu, yaani anachojua na kuamini, zinazomwezesha, kama maji, sabuni na kibuyu chirizi, yaani dumu la maji la kunawia linaloinamishwa kwa kamba, kilicho hatua chache kutoka chooni, na zinazomtia moyo aendelee, kama mwalimu anayenawa watoto wakimwona. Mara nyingi vibuyu chirizi hufungwa siku ya uzinduzi, picha zikapigwa, na mwezi unaofuata madumu ni makavu. Hesabu ingetosha kuliona hilo mapema. Kila mtoto akitumia mililita 100, dumu la lita 5 linanawisha watoto 50. Shule ya watoto 600 yenye madumu manne itakuwa imekaukiwa kabla mapumziko ya saa nne hayajaisha. Swali la kweli hapo ni nani anajaza, maji yanatoka wapi, na sabuni imeandikwa kwenye bajeti ya nani. Mhitimu wa uzamili anayeangalia hali hiyo na kupendekeza “elimu zaidi itolewe” ada yake imepotea. Basi kabla ya kuomba nafasi, omba orodha ya kozi. Ukikuta mawasiliano na nadharia za tabia tupu, bila epidemiolojia (elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea katika jamii), takwimu, sera na tathmini ya miradi, tafuta kwingine.

Sasa tasnifu. Hapa ndipo miezi inapoyeyuka, na makosa ni yaleyale mwaka hadi mwaka.

La kwanza ni namba 384, yaani idadi ya watu wa kuhoji. Inatoka kwenye kanuni ya kawaida ya sampuli, ukichukua uwiano wa asilimia 50 na ukingo wa kosa wa asilimia 5. Wanafunzi huinakili hata pale isipostahili. Walengwa wako wakiwa 1,000 tu, marekebisho ya idadi ndogo yanaishusha hadi 278. Ukiwachagua watu kwa makundi, kwa mfano shule au vitongoji, inapanda, kwa sababu watu wa kundi moja hufanana. Kwa kizidisho cha 1.5 unafika 576. Kisha ongeza wasiojibu. Ukitarajia asilimia 10 wakatae, gawanya kwa 0.9, usizidishe kwa 1.1, utapungukiwa. Kwa 384 hiyo ni watu 427. Msaidizi mmoja akihoji watu 8 kwa siku, wasaidizi watatu watamaliza kwa siku 18 za kazi. Likizo ya mwaka kwa sheria ya ajira ya 2004 ni siku 28. Yaani inawezekana kukusanya data zote ndani ya likizo moja, ila vibali viwe mkononi kabla likizo haijaanza.

Na vibali haviji kwa wiki moja. Kibali cha maadili hutoka kamati ya chuo, na baadhi ya tafiti huhitaji pia kile cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Zanzibar ina utaratibu wake. Baada ya hapo barua hushuka: Katibu Tawala wa Mkoa, Mkurugenzi wa Halmashauri, Mganga Mkuu au Afisa Elimu, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa kijiji au mtaa. Barua ikikosea jina la kata moja, mtendaji ana haki ya kukurudisha. Andika kata zote, pamoja na ile ya kujaribia dodoso, ambayo isiwe miongoni mwa kata za utafiti. Dodoso lijaribiwe kwa watu kama 40 kabla ya kazi yenyewe. Maswali yanayochekesha, kuudhi au kujibiwa “ndiyo” na kila mtu yataonekana hapohapo.

Wapo wanaodhani njia fupi ni kufanya utafiti kituoni mwao. Ni sawa kwa mada, si sawa kwa mahojiano. Mganga mfawidhi akimhoji mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayemsimamia, atapewa majibu ya adabu, na kamati ya maadili itauliza, kwa haki kabisa, kama huyo mhudumu angeweza kukataa. Mpe kazi ya kuhoji mtu asiyefahamika hapo, au uhamie kata jirani. Mada yenyewe iletwe kwa msimamizi katika muhula wa kwanza, ikiwa ukurasa mmoja: tatizo, walengwa, mahali, na data gani tayari ipo kwenye rejista za kituo. Anayesubiri kozi ziishe ndipo atafute mada ameshapoteza mwaka. Tungependa pia vyuo vikubali kazi ya mwisho iwe mpango wa kukuza afya wenye bajeti na tathmini, badala ya kung’ang’ania utafiti wa kupima “ujuzi, mtazamo na mwenendo” ambao makabati yamejaa nakala zake.

Kwa walio mbali na vyuo, masomo ya masafa yapo. Makerere ya Uganda na Western Cape ya Afrika Kusini zimefundisha afya ya jamii kwa njia hiyo kwa miaka mingi. Shahada ya nje huhitaji kutambuliwa na TCU. Uliza kabla ya kulipa, hasa kama chuo umekijua kwa tangazo la mtandaoni tu. Uliza pia gharama zisizo kwenye ada: kibali cha maadili, posho za wasaidizi, nauli za uwandani, uchapaji.

Limebaki suala la mwajiri. Mtumishi wa umma ahakikishe amethibitishwa kazini na jina lake limo katika mpango wa mafunzo wa taasisi, kisha asome muundo wa utumishi wa kada yake, kwa sababu shahada mpya haipandishi mshahara yenyewe. Barua ya ruhusa iseme siku na saa anazoachiwa, tarehe za mitihani, na wiki za uwandani. Ile inayosema tu “ofisi haina pingamizi” haimsaidii siku ya mtihani ikigongana na ukaguzi. Naye mwajiri ana la kudai: matokeo ya tasnifu yawasilishwe kwa timu ya afya ya halmashauri kabla vikao vya mpango kabambe wa afya havijaanza, na vikao hivyo huanza miezi kadhaa kabla ya tarehe 1 Julai, mwaka wa fedha unapoanza. Kurasa nne za Kiswahili na jedwali moja la gharama zinatosha.

Wakufunzi wa afya ya jamii,
Dar es Salaam