Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Jirani Zetu wa Pablo

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama na vijana,

Poleni na baridi. Mambo ya kawaida ya chama nitayapita haraka. Mwaka huu tumezika pamoja, tumeozesha pamoja, na wageni waliofika tumewapokea kwa sufuria na mablanketi kama tulivyopokelewa sisi. Michango ya kila mwezi bado inasuasua, na mhazini atawasomea hesabu yake mwenyewe. Muda wangu uliobaki naomba niutumie kwa jambo moja ambalo limenishika tangu mwezi wa pili: vyuo vya makabila ya wenyeji wa nchi hii, na hasa Chuo cha Salish Kootenai, kilicho mwendo wa saa moja tu kaskazini mwa mji wetu huu wa Missoula, Montana, pale Pablo.

Nilipolitaja mara ya kwanza kwenye kikao, mama mmoja alisimama akaniuliza, "Mwenyekiti, sisi tulikimbia mambo ya kabila, leo unataka kutupeleka kwenye chuo cha kabila?" Wengine walicheka, lakini yeye hakuwa anacheka, na mimi sikucheka. Kwetu Kivu, mashariki mwa Kongo, mtu akikusimamisha kwenye kizuizi akakuuliza kabila lako, moyo unasimama. Watu wameuawa kwa jibu la swali hilo. Kwa hiyo nilimwambia anipe muda nilisome jambo hili vizuri, na jibu langu kwake ndilo taarifa hii.

Huku, mama, kabila ni serikali. Marekani inayatambua makabila zaidi ya 570, na kabila linalotambuliwa lina baraza lake, lina sheria zake, na mengi yana mahakama na polisi wao. Jirani zetu wa Pablo ni Wasalish, Wapend d'Oreille na Wakootenai, makabila matatu yanayotawaliwa na baraza moja. Tarehe 16 Julai 1855, hapa hapa magharibi kidogo ya Missoula, viongozi wao walitia saini Mkataba wa Hellgate. Wakaachia nchi kubwa mno, wakabakiwa na eneo linaloitwa Flathead. Hata hilo halikuachwa. Mwaka 1910 likafunguliwa kwa walowezi, na ndiyo maana ukipita Ronan au Polson leo unakuta mashamba ya wengine katikati ya ardhi yao. Watu hawa hawakuvuka mpaka wowote, lakini wanajua kupoteza nchi kuliko wengi wetu.

Wanajua pia kupoteza lugha. Kuanzia shule ya Carlisle kule Pennsylvania, iliyofunguliwa mwaka 1879, watoto wao walipelekwa mabweni ya mbali, wakanyolewa nywele, wakapewa majina mapya, na waliosema lugha ya nyumbani waliadhibiwa. Wanachama wetu waliosoma Kenya wanakikumbuka kile kibao cha shingoni, cha kumwaibisha mtoto aliyeteleza akasema lugha ya mama yake. Huku jambo hilo lilikuwa sera ya serikali kwa miongo mingi. Rais Biden aliomba radhi kwa ajili yake tarehe 25 Oktoba 2024, kule Gila River, Arizona. Wazee waliopitia mabweni hayo wengine wako hai bado.

Sasa, watu waliofanyiwa hivyo na shule wangeweza kuichukia shule moja kwa moja. Wao walifanya kinyume. Mwaka 1968 Wanavajo walianzisha chuo chao wenyewe, ambacho leo kinaitwa Diné College, chenye makao makuu Tsaile, Arizona. Wengine wakafuata. Mwaka 1973 vyuo sita viliungana vikaunda umoja wao, na mwaka 1978 Bunge likapitisha sheria ya kuvisaidia kwa fedha. Leo ni zaidi ya 30. Montana peke yake ina saba: Browning kwa Wablackfeet, Lame Deer kwa Wacheyenne wa Kaskazini, Crow Agency kwa Wacrow, kisha Poplar, Harlem, Box Elder, na Pablo yetu. Kila eneo la kabila katika jimbo hili lina chuo chake.

Walioishi Tanzania watavifananisha na vyuo vya maendeleo ya wananchi, na Wakenya watakumbuka zile taasisi za harambee za miaka ya sabini, mama anauza kuku ili ukuta upande. Roho ni ile ile. Chuo cha Salish Kootenai kilianza mwaka 1977 kama tawi la chuo kingine cha bonde la Flathead, kikasimama chenyewe baadaye. Leo kinatoa shahada katika uuguzi, misitu, elimu ya maji, ualimu na kompyuta. Wanafunzi wake walitengeneza setelaiti ndogo, wakaiita BisonSat, nayo ilirushwa angani tarehe 8 Oktoba 2015. Ilikuwa setelaiti ya kwanza ya aina yake kubuniwa na kutengenezwa na wanafunzi wa chuo cha kabila. Mimi niliyeanza darasa la kwanza chini ya turubai katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, nikiandika kwa kidole mavumbini kwa sababu daftari lilikuwa la mwaka mzima, nilikaa kimya muda mrefu nilipoelezwa habari hiyo.

Na si setelaiti tu. Mwezi wa tisa wa mwaka ule ule wa 2015, makabila haya yalichukua umiliki wa bwawa kubwa la umeme kwenye mto Flathead, yakawa makabila ya kwanza nchini kumiliki na kuendesha bwawa la ukubwa huo. Mwishoni mwa mwaka 2020 sheria iliwarudishia ile mbuga ya nyati wa Marekani iliyokuwa imechukuliwa kutoka kwenye ardhi yao zaidi ya miaka 100 nyuma. Kazi kama hizo zinataka mhandisi, mwanasheria, mtu wa maji, mtu wa wanyama. Watu hao ni lazima wasome mahali fulani, na kabila lenye chuo chake haliendi kuwaazima wote mbali.

Tulikwenda mara mbili mwaka huu, kwa magari ya wanachama. Waliokuja wanakumbuka barabara ya 93, vibao vya majina ya mahali kwa Kisalish na Kikootenai juu ya Kiingereza, na lile daraja la wanyama baada ya Evaro ambalo watoto walilipigia kelele. Nilimwona yule mama wa swali la Februari akisimama mbele ya kibao kimoja, akijaribu kulitamka jina, akarudia, akarudia tena. Hakuniambia kitu. Safari ya pili alikuwa wa kwanza kuingia garini.

Habari za vyuo hivi kwa mwaka 2025 hazikuwa za utulivu, na ni vizuri mzijue kabla sijataja nafasi. Mwezi wa pili, serikali kuu ilipopunguza watumishi, chuo cha Haskell kule Lawrence, Kansas, kilipoteza karibu robo ya wafanyakazi wake kwa siku chache. Haskell kinaendeshwa moja kwa moja na serikali kuu, ndiyo maana kiliguswa mapema hivyo. Mwezi wa tatu wanafunzi na makabila wakaenda mahakamani, na baadhi ya watumishi wakarudishwa. Kisha ikaja rasimu ya bajeti ya mwaka 2026, iliyopendekeza kushusha fedha za vyuo vya makabila katika Wizara ya Mambo ya Ndani kutoka dola milioni 183 hivi hadi karibu milioni 22. Bunge ndilo lenye kauli ya mwisho juu ya fedha, lakini hebu fikiria mkuu wa chuo anayepanga walimu wa mwaka ujao huku karatasi hiyo iko mezani. Halafu mwezi wa tisa Wizara ya Elimu ikatangaza nyongeza ya mara moja ya zaidi ya dola milioni 100 kwa vyuo hivi, iliyotolewa kwenye mafungu ya vyuo vya jamii nyingine. Nawafurahia jirani zetu kwa kupata. Sifurahii namna ilivyopatikana, na fedha ya mara moja haimwajiri mwalimu kwa miaka kumi.

Sasa nafasi. Vyuo vya makabila vilivyo vingi vinapokea mtu yeyote, mwenyeji au mgeni. Haskell na kile cha ufundi cha Albuquerque ni vya wenyeji peke yao, lakini Pablo mlango uko wazi. Kwa wenye grinikadi na uraia, fomu ya FAFSA, ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, inajazwa kama kwa chuo kingine chochote, na msaada uitwao Pell kwa mwaka wa masomo 2025-26 unafika hadi dola 7,395, ambazo hazirudishwi. Hizo si mkopo. Nasisitiza, kwa sababu kuna wazazi wetu wameziogopa wakidhani ni deni. Tena vyuo vingi vya makabila havijiingizi kabisa katika mikopo ya serikali, na mwanafunzi anatoka bila mzigo wa kumfuata hadi uzeeni.

Kwa watu wazima ambao hawana miaka ya kukaa darasani: kuanzia tarehe 1 Julai 2026, Pell itaweza kulipia hata mafunzo mafupi ya kazi, ya kuanzia wiki 8 hadi chini ya 15, yaliyoidhinishwa. Hapo nawaza wasaidizi wa wauguzi na madereva wa malori. Kamati itafuatilia ni mafunzo gani hapa jirani yatakayoidhinishwa. Na ambao hawakumaliza sekondari, msiseme milango imefungwa. Mtihani wa HiSET, wa kupata cheti sawa na cha sekondari, upo, na vyuo vingi vya makabila vina watu wa kuwaandaa watu wazima. Nawataja hasa kina mama mliomaliza darasa la sita kule kwetu Fizi, vita vikawakata.

Hapa kuna jambo ambalo mwanachama anayetaka kusoma Pablo lazima alijue. Fedha ya serikali kuu kwa vyuo hivi inahesabiwa kwa kichwa cha mwanafunzi aliye mwanakabila, au mtoto wa mwanakabila. Mimi nikikaa darasani, mfuko huo hauwapi senti kwa ajili yangu. Jimbo la Montana lina fungu lake kwa wanafunzi wasio wanakabila, lakini si kubwa. Maana yake, wametukaribisha mezani na chakula chao hakikupimwa kwa hesabu yetu. Kwa hiyo yeyote atakayekwenda kwa jina la chama hiki alipe ada kwa wakati, ahudhurie, asaidie zinapofanyika shughuli za chuo. Na wimbo wa heshima ukipigwa kwenye sherehe ya ngoma, asimame, avue kofia, asipige picha bila kuomba. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tunasema. Tuliishi sana kwenye ardhi za watu wengine bila kuulizwa tutaleta nini. Huku tunaweza kuleta kitu.

Kosa letu nalo nilitaje. Vijana wetu wawili walikosa muhula wa vuli kwa sababu vyeti vya shule vya kambini havikutafsiriwa kwa wakati. Ofisi moja ya misaada ilikuwa imetuahidi kuvishughulikia, ikakaa navyo, na mimi nikaamini ahadi badala ya kwenda kuulizia kila wiki. Familia zao nimeziomba radhi uso kwa uso, na naomba tena mbele yenu wote. Kuanzia sasa kila jalada la mwanafunzi litakuwa na mtu mmoja wa kamati mwenye jina lake juu yake.

Nimalizie na lugha. Arlee, njiani kwenda Pablo, kuna shule ya watoto iitwayo Nkwusm, iliyoanza mwaka 2002, ambapo Kisalish kinasemwa darasani. Wazee wanaokisema kwa ufasaha wamebaki wachache sana, na chuo cha Pablo kina masomo ya kuwaandaa walimu wa lugha hiyo. Wameanza na watu wazima. Kijana wa miaka 25 anakaa chini kujifunza lugha ya bibi yake kama mtoto, ili aweze kumfundisha mtoto wake. Sisi tumefanya kinyume. Darasa letu la Kiswahili la Jumamosi tunawajaza watoto, wazazi wanabaki kwenye magari na simu zao, na jioni nyumbani mtoto akijibu kwa Kiingereza tunamjibu kwa Kiingereza. Lugha zetu za nyumbani, Kibembe na Kifuliiru, ndiyo kabisa, wengine tumeshaziacha. Napendekeza kuanzia mwezi wa pili darasa liwe la mzazi na mtoto pamoja, na wazee wawili wa Kibembe walishakubali kukaa nasi saa moja kila wiki. Pendekezo hili nitaomba mlipigie kura leo kabla ya chakula.

Safari inayofuata ya Pablo ni majira ya kuchipua, barafu ikishatoka barabarani. Wenye magari ya viti saba waandike majina kwa katibu. Wanaotaka kuonana na watu wa udahili waje na vyeti vyao vyote, hata vile vilivyochanika, na tafsiri tutaanza nazo Jumatatu hii, nyumbani kwangu, kuanzia saa kumi na mbili jioni.