Shukrani kwa mama aliyetufungulia mlango

Mama, jina lako sikuliuliza. Hofu ya usiku ule tulipofukuzwa haikuniachia nafasi. Majirani waliolea watoto pamoja walikuwa hawasalimiani tena. Wewe ulitufungulia, mimi na wanangu, bila kuuliza tuko upande gani wala tunasali wapi. Hatari uliijua: niliona mikono yako ikitetemeka ulipofunga komeo.

Katika Luka 10, Yesu alipoulizwa jirani ni nani, alisimulia habari za Msamaria, mtu wa jamii ambayo Wayahudi hawakuchangamana nayo, aliyemhudumia majeruhi aliyemkuta njiani. Kwako nilimwona Msamaria huyo ana kwa ana.

Asubuhi ulituombea sisi, kisha ukawaombea waliotufukuza, kwa upole uleule! Hilo bado linanitoa machozi. Asante, mama. Mungu akutunze wewe na nyumba yako.