Ramani ya Kijapani ndani ya gari lako, na foleni ya Dar iliyoko mbele yako

"Hivi hii ramani si mnaweza kuibadilisha iwe ya Tanzania?" Hapa dukani kwetu Gerezani swali hili tunalipata karibu kwa kila mwenye gari lililotoka bandarini juzi. Toyota safi, skrini kubwa katikati ya deshibodi, ukiwasha anatoka dada anaongea Kijapani kwa adabu zote, na mshale umesimama mahali patupu pasipo na barabara hata moja. Mteja ameshalipa gari, ameshalipa ushuru, anaona ni haki yake ile skrini imfikishe Tegeta.

Jibu letu ni kwamba usitumie hela yako kuhangaika na ramani hiyo. Itumie skrini, basi. Kazi ya kujua njia na foleni mwachie simu. Na tueleze kwa nini, maana kuna watu wanazungushwa na mafundi wiki nzima kwa jambo ambalo haliwezekani.

Mfumo wa gari la Japani umetengenezwa kwa ajili ya Japani. Ramani imo kwenye DVD, kwenye diski iliyomo ndani ya redio au kwenye kadi ya SD, na barabara zilizochorwa ni za kule. Taarifa za foleni nazo zilikuwa zinatoka kwenye mtandao wao uitwao VICS, ulioanza 1996, ambao hurusha habari za barabara kwa mawimbi ya FM na kwa vifaa vilivyosimikwa kando ya barabara. Gari likishashuka Dar, kilichobaki na uhai ni kipokezi cha GPS peke yake, kwa kuwa setilaiti ziko kilomita kama 20,200 juu na hazichagui nchi. Gari linajua liko wapi duniani, ila halina barabara ya kulionyesha, wala hakuna wa kuliambia kwamba Morogoro Road imesimama kuanzia Kimara. Redio yenyewe ina tatizo la aina hiyohiyo: FM ya Japani kwa miaka mingi iliishia 90, baadaye wakaongeza hadi 95, ndiyo maana stesheni nyingi za hapa huzipati mpaka ufungiwe kifaa cha kushusha masafa.

Tahadhari moja kabla hatujaendelea, kwa sababu inawagharimu watu sana. Redio nyingi za Toyota zinazotumia kadi ya SD hazikuweka ramani tu kwenye kadi ile, bali na programu inayoiendesha redio. Mtu anaiona, anasema ramani ya Japani ya nini, anaichomoa, anaifuta, anajaza nyimbo. Siku betri inabadilishwa, redio inawaka na sentensi moja ya Kijapani ikidai kadi yake. Hapo muziki hakuna, na kwenye baadhi ya magari hata kamera ya nyuma inapotea. Nyingine zinadai namba ya siri. Kama ya kwako bado ni nzima, kadi iache ilipo, na kabla ya kubadilisha betri mwambie fundi umeme aunganishe betri nyingine pembeni ili umeme usikatike hata sekunde moja.

Magari yanayotoka Uingereza yana nafuu kidogo. Lugha inasomeka, na baadhi yake yanakubali kupakiwa ramani ya nchi za Afrika. Lakini foleni ya moja kwa moja kwenye magari hayo mara nyingi ni huduma ya kulipia, imefungwa na nchi lilikouzwa gari na laini iliyowekwa kiwandani, kwa hiyo unabaki na ramani isiyo na habari. Na ramani iliyopakiwa mara moja inazeeka. Iliyotengenezwa kabla ya 2018 haiijui barabara ya juu ya Mfugale pale TAZARA. Kabla ya 2021, Ubungo kwake bado ni taa, Daraja la Kijazi halipo. Kabla ya 2022 itakung'ang'aniza daraja la Selander wakati la Tanzanite liko wazi.

Kuna jambo jingine ambalo waliobuni mifumo hii hawakulifikiria kwa jiji letu. Mfumo wa gari unataka uandike mtaa na namba ya nyumba. Sisi tunaelekezana kwa "ukifika msikiti ingia kulia, geti jeusi", na siku hizi tunatumiana lokesheni kwa WhatsApp. Kwenye simu unabonyeza mara moja, njia inafunguka. Redio ya kiwandani haina pa kuipokelea lokesheni hiyo. Kwa mtu anayepeleka mizigo au anayehudhuria misiba na harusi kutoka Chanika hadi Bunju, hili peke yake linatosha kuamua.

Foleni inavyofika kwenye simu

Wengi wanadhani kuna kamera zinazotazama barabara. Mistari myekundu na ya kijani kwenye Google Maps inatokana zaidi na simu za madereva wenyewe: simu nyingi zikitembea polepole kwenye kipande kimoja, kipande kinageuka chekundu. Waze, ambayo Google waliinunua 2013, inaongeza taarifa za watu, ajali hapa, barabara imefungwa pale. Ndiyo maana simu inashinda mfumo wa gari hapa kwetu. Hakuna mtambo wa kujenga barabarani. Madereva wa Dar wakiwa na simu zao, habari inapatikana.

Lakini usiichukue rangi ile kama msahafu. Mwaka 2020 msanii mmoja wa Berlin, Simon Weckert, alijaza simu 99 kwenye kigari cha mkono, akakivuta polepole mtaani, na ramani ikaonyesha foleni kwenye barabara tupu. Google walipojibu walisema tayari wana uwezo wa kutenganisha magari na pikipiki katika nchi kadhaa, wakazitaja India, Indonesia na Misri. Sasa tazama Dar. Bodaboda zinapenya katikati ya magari yaliyosimama, na tangu 2016 Morogoro Road ina abiria wa mabasi ya mwendokasi wanaopita kwenye njia yao, mita chache kutoka kwako uliyekwama, kila mmoja na simu mfukoni. Simu hizo zinazokwenda haraka zinaweza kuifanya foleni ionekane nyepesi kuliko ilivyo, kwa hiyo kwenye barabara za namna hiyo sisi tunashauri uongeze muda kidogo juu ya dakika ulizoonyeshwa.

Trafiki naye. Kwenye makutano anayoongoza kwa mkono, anaweza kuzuia upande wako hadi ule mwingine uishe, na hakuna ramani inayojua atakuruhusu saa ngapi. Mvua ikiwa kubwa na Jangwani ikifungwa kwa sababu Mto Msimbazi umejaa, ramani inajua baada ya magari kuacha kupita au mtu kutoa taarifa, si kabla. Mpigie aliyetangulia. Vilevile angalia njia za mkato: programu inakokotoa dakika, utelezi haiuoni. Ikikuelekeza kwenye barabara ya udongo ya mtaani siku ya masika na wewe una Passo au Vitz, baki kwenye lami hata kama ni dakika ishirini zaidi.

Kuhusu bando, tofautisha vitu viwili. GPS haili bando hata kidogo. Kinachohitaji intaneti ni picha ya ramani na foleni, na hata hiyo ni kidogo mno ukilinganisha na video. Pakua ramani ya Dar na ya njia unayosafiria ukiwa kwenye Wi-Fi nyumbani. Mtandao ukikatika njiani kuelekea Mikumi, mshale utaendelea kutembea juu ya barabara. Utakosa rangi za foleni tu.

Tunachofunga, na ambacho huhitaji

Simu ina udhaifu wake, na hapa ndipo gari linapoizidi. Iweke kwenye kioo cha mbele saa nane mchana, itapata moto, mwanga wa skrini utapungua na itaacha kuchaji. Skrini ni ndogo, unainamisha kichwa, na macho yakitoka barabarani Mandela Road kati ya malori hayana muda wa kurudi. Kwa hiyo tunapendelea redio yenye Apple CarPlay au Android Auto: simu inakaa chini kivulini, ramani inaonekana kwenye skrini ya gari, sauti inatoka kwenye spika, na WhatsApp haikurukii usoni.

Redio za Android zinazojitegemea nazo tunauza, ila tunaomba usidanganywe na maandishi ya kwenye boksi. Yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ndogo inawaka haraka siku ya kwanza. Ukiipa ramani, muziki na kamera ya nyuma kwa pamoja inaanza kugoma. Na uangalie antena ya GPS inawekwa wapi. Ni kidude cheusi cha mraba, chembamba kama kiberiti, kina sumaku chini. Fundi mwenye haraka anakiacha nyuma ya redio, kimezungukwa na chuma, halafu mshale unaruka: uko Bagamoyo Road, wenyewe unasema uko barabara ya pembeni. Sisi tunakipeleka juu, chini ya plastiki ya deshibodi karibu na kioo, kikitazama angani. Ukifungiwa kwingine, dai wakuonyeshe kilipo.

Kama bajeti ni ndogo, usinunue redio. Nunua kishikio cha simu cha kubana kwenye matundu ya AC, ambako simu inapata ubaridi, na chaja nzuri ya kwenye kiberiti cha gari. Weka uendako kabla hujaondoa gari, acha sauti ikuongoze. Inatosha kabisa, na tutakuambia hivyohivyo ukija.

Ukiamua kufunga redio, njoo na simu unayoitumia kila siku pamoja na waya wake. Waya wa kuchaji tu, usiopitisha data, hauwezi kuwasha CarPlay wala Android Auto, na simu za zamani nyingine hazikubali kuunganishwa bila waya. Redio za mfano ziko mezani. Tunaunganisha simu yako pale, unajaribu mwenyewe njia ya kwako hadi kazini, ndipo tunafungua deshibodi.