Rehema, Idd Pili njooni Gazi asubuhi

Dadangu Rehema,

Asalaam aleikum. Saumu inakwendaje huko, na mama mkwe na magoti yake? Sisi wazima, alhamdulillahi. Salamu nazifupisha maana chungu kiko motoni na adhana haimngoji mtu.

Mwanasha kaniambia umepanga kuwaleta watoto Gazi, pwani ya Kwale, kutembea mchangani na mikokoni Idd Pili, mfike saa 10 jioni jua likishapoa. Jua litapoa kweli, ila pa kutembea hapatakuwepo. Badili saa kabla hujampa mwenye gari arubuni.

Sikiliza. Idd ya kufungua huja mwezi ukiandama, na mwezi ukiandama ni bamvua, bahari hutoka mbali sana na kuja juu sana. Pwani yetu hii, siku za bamvua maji hupwa kabisa baina ya saa 4 na saa 6 kasorobo mchana, na hujaa baina ya saa 10 na saa 12 kasorobo jioni. Kila siku huchelewa kidogo, wastani wa dakika 50 hivi. Kwa hiyo si mwaka huu tu: mwaka wowote ule, ukija Idd Pili saa 10, bahari utaikuta imeshapanda mpaka kwenye miti. Idd ya kuchinja ni mambo mengine, ile huwa siku ya 10 ya mwezi wa Kiislamu, karibu na maji mafu, bahari haitoki sana wala haiji sana. Watu wanazichanganya hizi mbili halafu wanalaumu pwani. Ukitaka dakika kamili tazama jedwali la maji la Kilindini linalotolewa na Mamlaka ya Bandari, au muulize mvuvi yeyote, atakujibu bila kutazama kitu.

Basi mfike saa 3 na robo asubuhi. Najua utaniuliza kuhusu feri. Likoni siku ya Idd, na watoto wanne na mafurushi... hapana. Laleni Ukunda kwa Bi Fatuma usiku wa kuamkia, chumba anacho na hatanuna. Kutoka hapo, msipokuwa na gari, mnapanda matatu ya Msambweni au ya Lunga Lunga, mnashuka Gazi barabarani, kisha mnaingia kijijini kuelekea baharini. Mama mkwe mpandisheni bodaboda, nyinyi wengine miguu.

Mpango wenyewe ni mchangani kwanza, kivulini baadaye. Wengi hupindua, wakaanza na daraja la mbao la mikokoni, wakatoka mchangani saa 6 jua la utosi, watoto wakalia. Saa 3 na nusu mchanga umeanza kuwa wazi na maji bado yanatoka, na ndiyo saa salama ya kuwaachia watoto: kila wanapogeuka bahari iko mbali zaidi. Rudini saa 4 na nusu. Wasifuate maji hadi mwisho, hata wakisema wameona nyota ya bahari. Ghuba ile inaingiwa na mito miwili, Kidogoweni na Mkurumudzi, na ina mikondo ndani yake, kama mifereji ya maji. Maji yakigeuka hayaji mbele yako kama ukuta, hupita kwenye mikondo kwanza, kwa hiyo wewe umesimama pakavu na nyuma yako pameshajaa. Tena mwanzo hupanda polepole, ndiyo maana hudanganya. Saa ya tatu na ya nne baada ya kupwa ndizo za kasi, na siku za bamvua huweza kukaribia mita nzima kwa saa moja. Mpime kitinda mimba wako kwa hesabu hiyo.

Viatu: raba kuukuu za kufunga kamba. Ndara hubaki matopeni, na miguu mitupu usithubutu. Mizizi ya mchu imesimama kama penseli, imejificha kwenye tope, na kwenye mizizi ya mikoko kumeganda chaza wakali kuliko wembe. Mtoto akikatwa, muoshe kwa maji safi na sabuni papo hapo, utoe kila kipande cha gamba, ndipo ufunge. Chukua maji lita moja kwa kila kichwa, na ya kuoshea mbali. Dawa ya mbu pia. Mikokoni mbu hawajui kama ni mchana.

Daraja sasa. Ni mradi wa akina mama wa kijiji, kiingilio mnalipa kwao, na chakula hupika wakiagizwa mapema. Lakini kumbuka nao wana Idd yao! Wapigiwe siku mbili kabla, na ulizeni mambo mawili: kuna atakayekuwepo wa kuwatembeza, na mbao zikoje. Mbao juu ya maji ya chumvi huoza, hutengenezwa, huoza tena. Mkanyage pale misumari ilipo, maana chini yake kuna boriti. Katikati ya ubao ndipo panapovunjika. Mtu mmoja nyuma ya mwenzake, watoto wasirundikane kuangalia kaa mmoja. Kigari cha mtoto kiache Ukunda, mtoto mchanga mfunge mgongoni kwa leso.

Na wakifika katikati, wanyamaze. Hili ndilo gumu kwa wanao, najua. Wakikanyaga kwa kishindo kaa wote huingia mashimoni, na watasema hapana kitu. Wakisimama kimya dakika tatu nne tope zima linaanza kutembea: kaa wa kiume wenye gando moja kubwa wanapunga, tondo wanatafuna majani yaliyoanguka, vile visamaki vinavyoruka nchi kavu. Wafundishe kuitambua miti kwa mizizi. Wenye mizizi ya kupinda kama miguu ya buibui ni mkoko, wenye penseli ni mchu. Mbegu ya mkoko huota ingali juu mtini, ndiyo ile mirefu ya kijani inayoning'inia. Wasizichume. Akiuliza yule wako mwenye maswali kwa nini, mwambie msitu huu unalipa: tangu 2013 mradi wa wanakijiji, Mikoko Pamoja, unauza hewa ya kaboni kutoka hekta 117 za mikoko, na pesa zimeingia kwenye maji na shule za kijiji.

Saa 6 mmemaliza, mnakula. Wakiwa na nguvu bado, waulizeni wenyeji nyumba ya Mbaruk bin Rashid, yule Mazrui aliyepigana na Waingereza 1895. Wasipokuwa nazo, lala chini ya mti, hapana haja ya kubeba historia na tumbo limejaa.

Nguo: hapo ni kijijini, tena ni sikukuu, vijana wako wavae mashati, na picha za watu zisipigwe bila idhini. Najua unajua, namwambia huyo mkubwa wako.

Haya, nijibu haraka. Mtakuwa wangapi hasa, na mama mkwe anaweza kusimama saa nzima au nimtafutie kiti? Mwenye gari anakubali kuondoka saa 2 na nusu, au tuachane naye mpande matatu? Bi Fatuma umpigie wewe au nimpigie mimi? Samaki mnataka wa kukaanga au wa kupaka, niwaagizie? Na lile birika langu, Rehema, linakuja safari hii ama vipi?

Wako,
Zuhura