Worldle ya leo: jibu lisitajwe mapema

Wapendwa, habari za asubuhi. Naomba sana jibu la leo la Worldle, ule mchezo wa kukisia nchi kwa picha ya umbo lake, lisiandikwe hapa kabla ya saa mbili usiku. Wengine hucheza wakishatoka kazini, na ukishatajiwa jina la nchi hakuna utamu tena. Tumeni vile vimraba vya rangi tu. Vinatosha kuonyesha umepata kwa mara ya ngapi kati ya zile nafasi sita za kukisia.

Waliojiunga juzi, kuna jambo huwachanganya wengi. Umbali unaoonyeshwa kila ukikisia hupimwa kutoka katikati ya nchi moja hadi katikati ya nyingine, si mpaka kwa mpaka. Ukikisia Urusi na jibu ni Ufini, utaonyeshwa maelfu ya kilomita ingawa zinapakana! Kwa hiyo msiiache nchi jirani kwa kuogopa namba kubwa, fuateni mshale unaoonyesha upande jibu liliko. Asilimia ya ukaribu wako na jibu nayo inasaidia mno: kila 1 ni kama kilomita 200, hivyo ukipata 90 bado uko mbali kwa kilomita 2,000 hivi. Ukubwa wa picha usiwadanganye, Malta hujaza kisanduku kama Brazili.

Aliyekwama aombe kidokezo, tutamtajia bara.